Saluni yetu nusura ituzike, tukamsingizia jirani uchawi!

Najua wengi wenu hapo mlipo mmetoka saluni jana au mnajiandaa kwenda kesho, maana wikiendi ndiyo hiyo na harusi haziishi. Sina nia ya kuwatisha. Mimi mwenyewe nywele zangu zina dawa na Jumamosi nitakuwa kwenye foleni kama ninyi. Ila leo naomba niwape mkasa ulionikuta mwenzenu, mkasa ambao mpaka kesho nikiona jiko la mkaa ndani ya chumba, nasimama mlangoni kwanza.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuja yale ya kumfanya baba aikunje gazeti na kukaa kimya. Nyumbani Bukoba wakaona nisikae bure. Nikapelekwa Rugu, wilayani Karagwe, kwa mama yangu mdogo mwenye saluni. Kwa msiojua, Karagwe ni Kagera ile ya milimani, jirani na Rwanda na Uganda. Migomba, kahawa, maharage, na baridi ya asubuhi ambayo mtu wa Dar akija na kaptula yake lazima aazime sweta. Rugu si mji wa taa nyingi, lakini usiidharau. Msimu wa kahawa ukichanganya na mshiko ukaingia mifukoni, akina dada wa huko wanavyojipodoa usipime!

Saluni ya Mamdogo ni chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja dogo. Ndani kuna kioo kikubwa chenye ufa, viti vitatu vya plastiki, benchi la wanaosubiri, draya moja, kabati la dawa na, kule kwenye kona, jiko la mkaa lenye sufuria la maji. Jiko lile ndilo lilikuwa roho ya saluni. Maji ya kuoshea vichwa linachemsha lenyewe, kitana cha chuma kinapata moto hapo hapo, na umeme ukikatika basi ndilo bosi. Siku ya mvua hata wateja wasio na shida ya nywele walikuwa wanaingia kuota moto na kupiga soga.

Sasa sikia. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa kumi na moja, msimu wa senene, mvua inanyesha tangu saa saba mchana. Kesho yake kuna harusi kubwa. Bibi harusi yupo, dada yake yupo, shangazi yupo, wifi yupo na mtoto wake wa miaka mitatu amelala kwenye benchi. Mamdogo na mimi tunahesabika pia. Jumla tuko saba kwenye chumba kile. Asubuhi jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, naye ana saluni, alikuwa ametuazima rola zake kwa sababu zetu hazikutosha. Alipoona foleni akatabasamu, akasema, "Leo mmejaa, hongereni." Liweke hilo neno "hongereni" pembeni, tutalirudia.

Saa kumi umeme ukakata. Mvua inapiga kwa pembeni, inaingia ndani. Mamdogo akaniambia, "Wewe mtoto, funga huo mlango, tutaumwa." Nikafunga. Dirisha linapitisha upepo, nikachukua kanga nikaziba. Nikaongeza mkaa. Ukakolea vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Tukasema ah, sasa raha! Mimi nikaanza kumpaka dawa dada wa bibi harusi.

Wa kwanza kulalamika alikuwa shangazi. Kichwa kinamuuma. Mamdogo akamwambia ni njaa, tangu asubuhi hajala. Wifi naye akasema anasikia kichefuchefu. Tukacheka, tukamuuliza kama kuna mtoto wa pili njiani. Bibi harusi akasema macho yanamwia mazito, tukasema ni wasiwasi wa kesho. Kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake na kila ugonjwa ulikuwa na jibu lake. Hakuna aliyejiuliza imekuwaje watu watatu waumwe kwa saa moja.

Halafu bibi harusi akateleza kutoka kwenye kiti kama gunia. Wifi akapiga yowe, akamtikisa mtoto wake pale kwenye benchi, mtoto haamki! Mimi nilitaka kusimama, miguu ikanikatalia. Sikufungua mlango kwa akili, jamani, niseme ukweli. Niliufungua kwa sababu nilitaka kutapika. Nikaangukia nje kwenye tope, mvua ikanipiga usoni, na ndani ya dakika mbili tatu nikaanza kuona vizuri. Nikapiga kelele watoke wote.

Jirani wa ng'ambo alikuja mbio. Yeye ndiye aliyembeba mtoto akamtoa nje. Yeye ndiye aliyemburuta bibi harusi na Mamdogo. Tena yeye ndiye aliyekumbuka kitu ambacho sisi wote tulisahau: dada wa bibi harusi bado ana dawa kichwani! Imepita nusu saa na zaidi. Akamwinamisha pale pale barazani, akammwagia ndoo nne za maji ya mvua. Ngozi ilikuwa imeshaungua juu ya sikio na kisogoni, vidonda vibichi kabisa.

Mtoto alizinduka akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Bibi harusi naye akarudi, anatetemeka. Wakatafutiwa pikipiki kwenda zahanati.

Na hapo ndipo ilipoanza kasheshe ya pili. Watu wamejaa barazani, kila mtu anauliza kulikoni. Mmoja akasema, watu saba kuzimia kwa pamoja si kitu cha kawaida. Mwingine akauliza nani aliingia mle ndani leo. Shangazi, kichwa bado kinamgonga, akalikumbuka lile neno: "Hongereni." Na rola! Rola za nani zile? Basi, hukumu ikatoka. Jirani ana wivu, wateja wamemkimbia, ametutupia kitu. Yule yule aliyetoka kumbeba mtoto! Giza lilipoingia vijana wawili watatu wakaanza kurusha mawe kwenye bati lake.

Mimi je? Mimi niliamini, wasomaji wangu. Nilikuwa nimekaa pale nimejifunika blanketi na nikaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko tope na matapishi.

Kesho yake asubuhi muuguzi wa zahanati alituuliza maswali matatu tu. Mlikuwa na jiko ndani? Mlango ulikuwa umefungwa? Mliumwa kichwa wote? Tukasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kung'ang'ania pale ambapo hewa safi ya oksijeni ilitakiwa ikae. Nguvu yake ya kung'ang'ania ni zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Damu inazunguka, lakini haijabeba kitu cha kukupa uhai. Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi. Ukilala hapo, kwaheri. Ule mkaa mwekundu usio na moshi tuliokuwa tunausifia, kumbe kukosa moshi si kukosa sumu.

Harusi ilifungwa. Dada wa bibi harusi alivaa kilemba, watu wakasifia kilemba. Mamdogo hakwenda. Alikaa jikoni anachambua senene, hasemi na mtu.

Jumapili tulivuka barabara, yeye na mimi, kuomba radhi. Mamdogo alipiga magoti, mtu mzima yule. Jirani alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia. Rudisheni rola zangu." Akaingia ndani.

Wiki ile saluni ilifungwa na ndipo binamu yangu anayefanya kazi mgodini Geita alipopita kutusalimia. Akacheka kwanza, halafu akaacha. Akasema huko mgodini hawaanzi kazi mpaka wameandika kila kitu kinachoweza kuwaumiza, na kazi hiyo inaitwa kutambua vihatarishi. Nikamwambia hapa ni saluni, si mgodi. Akanijibu kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haisemi mgodi tu, inasema mahali pa kazi, na sisi pale tunafanya nini, tunacheza rede?

Akanifundisha mambo mawili ambayo sijayasahau. La kwanza, kihatarishi ni kitu chenyewe, hatari ni namna kinavyoweza kukufikia. Wembe kwenye karatasi yake ni kihatarishi. Wembe huo huo saa mbili usiku, mnyoaji amechoka, na umeshamnyoa mwingine, hiyo ni hatari. La pili, usikimbilie kuvaa barakoa na glovu. Kwanza jiulize, naweza kukiondoa kabisa? Nikishindwa, naweza kukibadilisha na chenye nafuu? Nikishindwa, naweza kukitenga au kuingiza hewa? Halafu, naweza kubadili utaratibu wa kazi? Glovu ni ya mwisho, maana glovu inategemea wewe kukumbuka kuivaa, na binadamu tunasahau.

Nikachukua daftari langu la zamani la Jiografia, nikakaa kwenye kile kiti cha mteja siku nzima, natazama chumba kama mgeni. Jamani! Miezi minane nilikuwa nimefanya kazi mle na sikuwahi kukiona.

Jiko lilikuwa namba moja. Tukaliondoa. Sasa liko barazani chini ya bati dogo, maji yanachemkia huko na kuingizwa ndani kwa ndoo. Mamdogo alilalamika baridi, nikamwambia avae sweta. Gharama yake? Bati moja na misumari.

Namba mbili ni dawa ya nywele. Hii ya kunyoosha ni kemikali kali ya jamii ya magadi makali, ndiyo maana inaweza kulainisha nywele, na ndiyo maana inaweza kula ngozi. Haijui nywele inaishia wapi na kichwa kinaanzia wapi. Tukaweka sheria: maji kwanza, dawa baadaye. Kama ndoo mbili za maji hazijasimama pembeni ya kiti, kopo la dawa halifunguliwi hata mteja awe mke wa mkubwa gani. Mafuta ya kupaka kuzunguka masikio na shingo. Mteja mwenye kidonda au aliyejikuna sana arudi wiki nyingine. Na saa ya ukutani, kwa sababu mimi nilikuwa napima muda kwa maongezi. Mteja akisema inachoma, haambiwi avumilie urembo. Anaoshwa!

Kuna la ziada ambalo binamu alinisomea kwenye simu. Marekani walifuatilia wanawake 33,497 wa umri wa miaka 35 hadi 74 kwa karibu miaka 11, na matokeo yalitoka Oktoba 2022. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio ni kwamba 1.64 kati ya kila 100 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi wakifika miaka 70. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka ni 4.05. Sisemi ukiweka dawa utaugua, wengi hawakuugua. Nasema kuiweka kila mwezi ni kujitafutia. Na kumbuka mteja anainusa mara moja kwa miezi miwili, mimi nilikuwa nainusa kila siku. Msusi ndiye mteja mkubwa wa saluni yake, tena asiyelipa.

Namba tatu, wembe na mashine. Hapa mtu wa Kagera hahitaji kuhubiriwa sana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Wazee wanasimulia ugonjwa ule waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikivuka mpaka kutoka Uganda, na wapo waliosema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa. Nilipolifikiria hilo nikaona aibu mara mbili. Miaka yote hiyo, na sisi bado tukishindwa kueleza kitu tunatafuta mtu wa kumrushia mawe.

Basi, wembe mpya kwa kila kichwa, na wa zamani uingie kwenye kopo lenye kifuniko, usitupwe migombani wanakocheza watoto. Hapo usiwaze UKIMWI peke yake. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi bado vikiwa na nguvu. Vitana na vibanio vinaoshwa kwa sabuni, halafu vinalowekwa dakika 10 kwenye jiki. Kama ni ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji. Meno ya mashine yanafutwa kwa spiriti, lakini mbali na moto, maana spiriti na jiko ni ndoa ya kuunguza nyumba.

Yaliyobaki nilipita haraka. Waya wa draya uliofungwa kwa plasta ya kidonda, ukatupwa. Sakafu yenye maji na nywele, inafagiliwa kila mteja akinyanyuka. Rangi ya nywele, inajaribiwa kwanza nyuma ya sikio na mteja anasubiri siku mbili. Na yale makopo ya mkorogo ya chini ya kabati, Mamdogo aliyatetea mpaka nikamsomea kwamba zebaki inaharibu figo na vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku. Yakaenda. Kipodozi kipya akikinunua siku hizi anatazama kama kina nembo ya TBS, waliokabidhiwa kazi ya vipodozi tangu 2019.

Lakini kilichonikamata zaidi katika daftari lile ni ndoo moja. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Kagera, kila saluni iliweka ndoo ya kunawia mlangoni. Yetu nayo ipo. Niliikuta nyuma ya nyumba, bomba limeng'olewa, Mamdogo anafulia. Januari 2025 Marburg ikatangazwa tena, safari hii Biharamulo, ndoo ikaoshwa haraka haraka ikarudi mlangoni. Ikapita, ikarudi kufulia. Ndivyo tulivyo. Hatari ikija kama mgeni tunaipigia kelele, ikikaa siku nyingi tunaipa kiti. Lile jiko halikuwa limejificha. Lilikuwa kwenye kona miaka yote na tulikuwa tunaliita roho ya saluni. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Msifikiri hii ni shida ya Rugu au ya leo. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe kwa mfalme Rumanyika, aliwakuta wanawake wa ikulu wamenyweshwa maziwa wakanenepa mpaka kusimama hawawezi, kwa sababu unene ndio ulikuwa uzuri. Tunawashangaa leo. Sijui wajukuu zetu watashangaa nini wakisikia tulikuwa tunajifungia na mkaa ili tupendeze.

Dada zangu, ukiingia saluni yoyote, iwe Kayanga, Sinza au Nairobi, fanya kitu kimoja kabla hujakaa. Tazama hewa inapita wapi, na maji yako wapi. Ukikosa kimojawapo, aga kwa heshima ukaondoke. Na wewe msusi mwenzangu, kichwa kikikuuma kila jioni, usinywe panadol tu. Uliza chumba chako kina nini.

Jirani je? Rola tulirudisha, kuongea hakuongea. Zilipita wiki tatu. Siku moja nafagia baraza nikamwona anavuka barabara, nikajua leo kimenuka. Akasimama kwenye lile jiko letu la nje, akalitazama, akatazama mlango ulio wazi na ndoo mbili kando ya kiti. Akasema, "Hilo daftari lako. Na kwangu unakuja lini?"

Nilikwenda siku ile ile, daftari mkononi. Jiko lake nalo lilikuwa kwenye kona.